Sista wa Nyumba ya Kufulia

"Mlango unapita! Jamani, mlango unapita! Mama, vuta mguu, mlango hauna macho!"

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, korido ya wagonjwa wa nje, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Watoto walikuwa wanalia kwa zamu, na karani wa dirisha la kadi anaita majina kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla siku haijaanza. Katikati ya msongamano huo mwanamume mrefu, shati la drafti limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa amejitwika mlango mzima kichwani, mpya, unaonuka vanishi, anajipenyeza nao kama mtu anayevuka mto.

Sista alikuwa anatokea upande wa pili na trei ya chupa za damu. Sare yake nyeupe ilikuwa imenyooshwa kwa pasi, mkanda wa bluu umemkaa kiunoni sawasawa, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejua watu watampisha. Mlango haukumpisha. Aliuona ulipokwisha kumfika puani.

"Wewe! Huoni?"

"Naona vizuri sana, sista. Mlango ndio hauoni."

"Ningemwaga damu za watu kumi na wanane hapa!"

"Basi tungewaomba wengine. Hapa watu wa kutoa damu si wapo tele?"

Benchi zima likacheka. Sista alitaka kukunja uso, lakini midomo ikamsaliti.

"Unaupeleka wapi huo mlango?"

"Nyumba ya kufulia. Nimeambiwa nimtafute sista mmoja mkali kweli kweli, ndiye mwenye kazi. Eti ukichelewa dakika tano anakudunga sindano."

"Umechelewa dakika arobaini," alisema Sista.

Mlango ukayumba kichwani. Yule mwanamume aliinama kidogo, akamchungulia kutoka chini yake, na penseli iliyokuwa sikioni ikaanguka sakafuni. Sista aliiokota akairudisha sikioni pale pale, kwa kuwa mikono ya mwenyewe ilikuwa na kazi. Wauguzi waliokuwa wanapita waliona. Mpaka saa saba mchana hospitali nzima ilikuwa inamwita fundi yule Penseli.

Nyumba ya kufulia ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, karibu na jenereta. Mashine zake zilikufa miaka mingi nyuma, yakabaki mabirika ya saruji na harufu ya sabuni iliyogoma kutoka. Sista ndiye aliyeiomba. Kwa miaka miwili alikuwa anamwandikia Mganga Mkuu barua, kwamba wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI hawawezi kuendelea kulazwa mwisho wa wodi ya tano, vitanda vyao vimesukumwa kando ya choo, mafaili yao yamechorwa nyota nyekundu ambayo hata wafagiaji wanaijua maana yake. Kulikuwa na wauguzi waliovaa glavu mbili mbili kumpa mtu kikombe cha maji. Kulikuwa na mama mmoja aliyefariki ameuelekea ukuta, kwa sababu kila alipogeuka watu walikuwa wanamtazama. Barua ya tisa ndiyo iliyojibiwa. Alipewa jengo, fundi mmoja, mpaka rangi mmoja, na miezi mitatu. Dawa za kurefusha maisha zingeletwa siku ya ufunguzi.

"Vyumba viwili vya ushauri," Sista alimwambia Penseli, anatembea huku anapima kwa hatua zake. "Sauti isitoke. Mtu akilia ndani, aliye nje asisikie. Hapa stoo ya dawa, kabati lenye makufuli mawili. Kule vitanda vinane."

"Na mlango?"

"Si huo umeuleta?"

Penseli alitoka nje, akasimama, akatazama geti kuu. Alirudi akikuna kidevu. "Sista, mlango huu unatazamana na geti. Mtu akiingia hapa, mji mzima umeshamwona. Kesho asubuhi mama mkwe wake anajua."

"Sasa unatakaje?"

"Tuuzibe. Tutoboe kule ubavuni, upande wa kliniki ya meno. Mtu akionekana kwenye korido ile, anaumwa jino. Nani asiyeumwa jino?"

Sista alitoka nje, akalitazama geti naye. Miaka miwili alikuwa ameandika barua, wala jambo la mlango halikuwahi kumjia.

Huenda ndipo mapenzi yalipoanzia. Sista mwenyewe baadaye alisema yalianzia kwenye penseli, lakini siku ile ya mlango alirudi nyumbani akapitisha jioni nzima anatabasamu peke yake, mpaka dada yake aliyekuwa anaishi naye akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Wiki zikaenda. Asubuhi Sista alipita na chai, akisingizia kukagua kazi. Jioni simu ilimlia.

"Sista wangu, nina dharura."

"Imekuwaje?"

"Nimejigonga kidole kwa nyundo."

"Kinatoka damu?"

"Hakitoki. Ila kinakutaja jina."

"Penseli, wewe una wazimu. Kiweke kwenye maji baridi ulale."

"Kimesema maji baridi hakitaki. Kinataka Jumamosi, saa tisa, bustani ile ya jirani na posta, na gauni lolote lisilo la hospitali."

Alivaa gauni la zambarau lenye mikono mifupi, akasuka nywele upya, akachelewa dakika arobaini kwa makusudi. Penseli alikuwa amekaa kwenye benchi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, soda mbili mkononi zimekwisha kupata joto. Alipomwona alisimama akasahau kusema alichokuwa amekiandaa.

"Sema basi," Sista alimtania.

"Nilikuwa na maneno mazuri. Umechelewa, yameisha gesi kama hizi soda."

Penseli alimpeleka kwa mama yake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na mama yule akamshika Sista mikono yote miwili akaigeuzageuza. "Mikono ya kazi hii," alisema. "Mwanangu amepata mtu." Na Sista akamwita mama, bila kujilazimisha.

Lakini alikuwa muuguzi, na alikuwa amewafunika shuka wengi. Jioni moja Penseli alipomvuta karibu kuliko siku zote, alimwekea kiganja kifuani.

"Ngoja. Tupime kwanza, wote wawili. Nitawaambiaje watu wapime ikiwa mimi mwenyewe sijapima na mtu wangu?"

"Na majibu yakiwa mazuri?"

"Ndipo utaongea na wazee wangu."

"Basi nipeleke sasa hivi," alisema Penseli, akacheka. "Hata hapo kwenye benchi nipime."

Walipima siku tatu kabla ya ufunguzi, katika vile vyumba alivyovijenga mwenyewe. Rangi ilikuwa bado inanata. Mshauri, mzee mmoja mtaratibu aliyestaafu ualimu akasomea kazi ile, aliwaita mmoja mmoja. Sista aliingia kwanza, akatoka akiwa salama. Kisha akaingia Penseli. Mbao za kuta alizipanga vizuri kweli, hapakutoka hata mnong'ono.

Alipotoka alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na vumbi.

"Enhe?" Sista aliuliza.

"Nimeambiwa nirudi wiki ijayo. Mashine imekorofisha."

Sista alijua kipimo kile hakina mashine. Ni tone la damu kwenye kijikaratasi, dakika kumi na tano, basi. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, maana ndiye aliyewafundisha wenzake. Alifungua mdomo amuulize. Nyuma yake mtu akaita, "Sista, mapazia yameletwa, njoo uyaone!" naye akageuka kwenda kuyaona mapazia. Aliporudi Penseli alikuwa ameondoka. Jambo hilo aliliweka kando, na kila lilipomrudia alikuwa na kazi nyingine: mashuka, hotuba ya Mganga Mkuu, utepe wa kukatwa. Moyoni kuna mambo mtu hujizuia kuyajua, naye alijizuia.

Siku ya ufunguzi Penseli hakuonekana. Wageni walikuja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Dawa hazikuja. Zilikuja baada ya wiki saba, nusu ya zilizoahidiwa.

Siku ya nne baada ya ufunguzi simu ikaita.

"Uko wapi wewe? Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu!"

"Nimepata kazi mji mwingine. Kubwa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Usinisubiri, sista."

"Nisikusubiri kivipi? Penseli, na majibu?"

Kwenye simu ilisikika nyundo ya mtu ikigonga mbali.

"Kuna mwingine?" aliuliza Sista, na hata alipokuwa anauliza alijua kwamba anampa njia ya kupita.

Penseli akaipita. "Ndiyo," alijibu. "Kuna mwingine."

Sista alikata simu. Alilia, akamtukana, akamwita mhuni mbele ya dada yake, na dada akaongeza matusi yake mengine ya kumsaidia. Kwa siku nyingi alijisemea kwamba mwanamke huyo lazima awe mrembo. Ilikuwa rahisi zaidi kumwamini mwanamke huyo kuliko kukirudia kile kikaratasi na dakika kumi na tano. Siku moja alikwenda kwa mama yake Penseli nyuma ya soko, na mama akasimama mlangoni bila kumkaribisha ndani. "Kasafiri, mwanangu," alisema, macho chini. "Usijichoshe."

Mwaka mzima ukapita. Kitengo kilifanya kazi, kwa namna ya mtu anayechota maji kwa kijiko. Vitanda vinane vilikuwa na watu kumi na mmoja. Dawa zilipokuwa chache Daktari wa kitengo na Sista walikaa na orodha wakaamua nani aanze na nani asubiri, na wengi wa waliosubiri hawakuonekana tena. Ule mlango wa ubavuni ulisaidia kwa miezi miwili, kisha mji ukagundua. Mtu akionekana kwenye korido ya meno watu walianza kuulizana, na wenye meno mabovu kwelikweli wakaacha kuja. Wagonjwa walikuwa wanafika wakiwa wamebebwa. Sista alikonda. Sare ikamlegea mabegani, na lile tabasamu la korido wenzake wakawa wanalizungumzia kama habari za zamani.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, gari la hospitali ya mji mwingine lilimshusha mgonjwa kwenye godoro. Pembeni yake alikuwa mama mmoja ameshika mfuko wa nguo. Sista alimtambua mama kwanza. Kisha akafungua barua ya rufaa akaisoma yote, pole pole, kama inavyotakiwa: mwanamume, miaka thelathini na minne, kinga imeshuka sana, ugonjwa wa utando wa ubongo, hajawahi kuanza dawa. Tarehe ya kipimo cha kwanza ilikuwa mwaka uliopita, siku tatu kabla ya ufunguzi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushauri. Mshauri alisimama alipomwona uso.

"Ulijua," alisema Sista.

"Nilijua. Nilimsihi aanze matibabu, nikamsihi akwambie. Alikataa." Mzee alivua miwani. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuapisha hapa, binti yangu. Siri ya mtu isitoke kwenye mlango huu."

Sista alitoka akaufunga mlango. Alirudi, akamlaza mgonjwa kitanda cha nne, akamtundikia dripu. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Jioni homa ilipopungua Penseli alifumbua macho, akamwona.

"Nimechelewa dakika ngapi?" aliuliza kwa shida.

"Usinichekeshe." Sista alikaza plasta ya dripu kwa hasira. "Usithubutu kunichekesha. Yuko wapi huyo mwingine wako? Mbona hakukuleta yeye?"

"Ndiye huyu." Alinyanyua mkono wenye dripu, inchi mbili tu. "Sikukudanganya. Tangu siku ile ya kipimo nimekuwa mwingine kweli."

"Dawa zilikuwepo hapa! Hapa hapa, kwenye kabati ulilolitengeneza kwa mikono yako! Mwezi wa tatu zilikuwepo, mwezi wa tano zilikuwepo. Ningekupa mimi mwenyewe."

"Ndiyo sababu." Alipumzika kidogo. "Ningekujaje? Kila faili unafungua wewe. Kila kidonge unahesabu wewe. Ningekaa kwenye benchi lile na wengine, unaita, anayefuata, ninaingia mimi. Sista, nilikuwa najiona mwanamume mbele yako. Nikaona bora uniite mhuni kuliko uniite mgonjwa."

"Na hospitali ya huko?"

"Huko nilikaa na mbao zangu, nikasema kesho. Kila siku kesho."

Sista aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo alilowakataza wauguzi wake. "Nilijua kipimo hakina mashine," alisema polepole. "Siku ile ile nilijua. Ningekushika shati tu. Nikaenda kutazama mapazia."

Penseli aligeuza kichwa dirishani. "Mazuri lakini," alisema. "Mapazia."

Sista alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi na machozi vikamchanganyikia, na mgonjwa wa kitanda cha tano akageukia ukutani kwa adabu.

Asubuhi yake Daktari alimwita pembeni. Alikuwa kijana mwenye haraka, lakini siku hiyo hakuwa na haraka. Dawa ya ubongo ilikuwa imeanza, alisema, na zile za kurefusha maisha haziwezi kuanza sasa hivi, kinga ikiamka ghafla ubongo utavimba na zitamuua mapema zaidi. Wangesubiri wiki kadhaa. Hakuona wiki hizo zikifika.

"Angekuja mwaka jana?" Sista aliuliza.

"Sista, usijifanyie hivyo."

"Nijibu."

"Angekuja mwaka jana, leo angekuwa anafanya kazi."

Siku ya tatu alipokuja kumgeuza na kumfuta mwili, Penseli alimshika kifundo cha mkono. Nguvu zote alizobakiwa nazo ziliishia kwenye vidole vile.

"Acha. Mwite mwenzako anifute."

"Kwa nini? Nimefuta watu mia humu."

"Ndiyo maana. Manesi ninao, na mama ninaye. Mchumba ndiye sina."

Sista aliweka kitambaa kwenye beseni. "Unaniposa, Penseli? Na beseni hili hapa?"

"Sina kingine cha kukuposea. Hata kupiga goti siwezi, nitaanguka." Alivuta pumzi. "Ukikubali, uje kama wanavyokuja watu. Saa ya wageni. Na lile gauni."

"La zambarau?"

"Hilo hilo."

"Nimekubali," alisema Sista. Aliinua beseni akaenda kwa Matroni, akaomba kitanda cha nne apewe mwenzake. Matroni, mama wa miaka thelathini kazini, alikuwa amekwisha sikia minong'ono, maana yote ilipita kwake. Alimtazama juu ya miwani. "Watasema sana, mwanangu. Watauliza kama na wewe ni mzima."

"Waulize. Nimepima mara tatu. Ningekuwa si mzima bado ningekwenda."

Ikawa kila siku saa tisa na nusu anakabidhi zamu, anakwenda nyumbani, anaoga, anavaa gauni, na saa kumi anasimama nje pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Watu walitazamana. Mke wa mgonjwa mmoja alisogeza mkoba wake asiguswe naye. Sista aliingia, akavuta kiti, akaketi upande wa dirisha, mama upande wa pili. Walimsimulia Penseli habari za mtaani. Siku nyingine Penseli alimtambua Sista, akamsifia nywele. Siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyefariki utotoni. Mara moja alimuuliza Sista kama watoto wao watakuwa warefu, naye akajibu kwamba mmoja mrefu, mmoja mfupi, na yule mfupi ndiye mtundu, na Penseli akaliwaza hilo, akasema atamfundisha kazi ya randa huyo mtundu. Mama alitoka nje akakaa huko mpaka kengele ya wageni kuondoka.

Siku kumi na tisa walikuwa wachumba.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, Sista alikuwa kitanda cha pili anamtafuta mshipa msichana wa miaka ishirini, mshipa haupatikani. Nyuma yake alisikia pazia la kitanda cha nne linavutwa, na alijua sauti ile ya pete kwenye chuma ina maana gani. Mshipa ukapatikana. Alibandika plasta, akafungua matone, akayahesabu mpaka yakakaa sawa, akamwambia msichana asikunje mkono. Ndipo akageuka.

Muuguzi mwenzake alimzuia kwenye pazia. "Hapana, dada. Leo si kazi yako. Leo wewe ni mfiwa. Nenda kakae."

Alivua aproni, akatoka nje kwenye benchi la ndugu, mahali alipokuwa akiwaleta wengine na kuwapa pole. Mama alikuwa pale, khanga imefunika kichwa, mfuko wa nguo mapajani. Sista aliketi. Jenereta lilikuwa linaunguruma. Ndani walisikia maji yanamiminwa.

"Aliniambia mtaoana," mama alisema baadaye.

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

Sista alitazama mikono yake. Ilikuwa bado ina unga mweupe wa glavu.

"Hatukuwa tumepanga siku," alisema.

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la kueleweka. Kisha alimsogelea kwenye benchi, akauegemeza uzito wake wote begani kwa mkwewe, wakasubiri waitwe.